Je, nifute gemu? Kwa msomaji anayekesha kwenye shamba la ndani ya laptopu

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nina miaka 23, niko chuo mwaka wa tatu, Dar es Salaam. Mama alifariki miezi minne iliyopita. Tangu tumalize arobaini na ndugu wakatawanyika, nacheza gemu la kilimo liitwalo Stardew Valley kila siku kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa, siku nyingine adhana ya alfajiri inanikuta bado niko macho. Shamba langu nimelipa jina la mama. Nikiwa kule napata nafuu, nikifunga laptopu kila kitu kinarudi. Sijalia tangu siku ya mazishi. Nimekosa vipindi vingi vya asubuhi na jaribio moja. Dada yangu, ambaye naishi kwake, anasema huu ni uraibu na kwamba namkimbia marehemu. Je, ni ugonjwa? Nifute gemu?

Jibu: Pole sana kwa msiba, mdogo wangu. Kwa ufupi: gemu usilifute, na mgonjwa kwa maana anayoisema dada yako bado hujawa. Kinachokumaliza ni usingizi, na hicho ndicho cha kuanza nacho wiki hii. Sasa nieleze kwa urefu, maana nikikuachia hapo utabaki na ruhusa tupu isiyokusaidia.

Neno uraibu linatupwa ovyo siku hizi. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la uchezaji wa gemu katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Vigezo ni vitatu na vinatazamwa pamoja: mtu ameshindwa kujitawala (hajui aanze lini wala aache lini), mchezo umepanda juu ya mambo mengine yote hata aliyoyapenda, na anaendelea, au anaongeza, huku madhara anayaona kwa macho yake. Juu ya hayo, hali iwe imeharibu vibaya masomo, kazi au familia, na kwa kawaida iwe imedumu miezi 12. Angalia kisichokuwemo: idadi ya saa. Yupo anayecheza saa sita na yuko sawa, yupo wa saa mbili aliye taabani. Wewe una miezi minne, una msiba mbichi, na kigezo kimoja kimeanza kubisha hodi, kile cha kukosa jaribio kisha usiku ukarudi palepale. Hicho usikidharau. Ila hodi ni hodi tu, mgeni hajaingia.

Hilo la kumkimbia marehemu ni zito zaidi, na nadhani ndilo lililokuuma.

Kwa muda mrefu wataalamu walifundisha kwamba mfiwa lazima aukabili uchungu uso kwa uso mpaka uishe, na anayejipa shughuli nyingine anajidanganya. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walikuja na maelezo mengine ambayo hadi leo yanatumika sana. Walisema mfiwa huyumba kati ya pande mbili. Upande mmoja ni wa msiba wenyewe: kumlilia, kutazama picha, kumtamani, kurudia siku ya mwisho kichwani. Upande wa pili ni wa maisha yaliyobaki: kurudi darasani, kujua nani sasa atalipa ada, kushika majukumu aliyokuwa akiyashika marehemu. Na katikati ya pande hizo anahitaji kupumzika kutoka zote mbili. Kule kuyumba ndiko kunakomvusha. Anayekwama ni yule aliyegandia upande mmoja, awe analia mchana kutwa au haligusi kabisa.

Kwetu hilo halikuhitaji kuandikwa kwenye jarida. Tazama matanga yalivyo: kuna maombi na vilio, lakini kuna karata na bao chini ya turubai, kuna chai ya usiku, kuna watani wanaowafanyia wafiwa vituko mpaka mtu anacheka huku kamasi zinamtoka. Hakuna anayesema watani wale wanamkimbia marehemu. Wanampa mfiwa pumzi. Shida ni kwamba arobaini ikishapita, turubai linashushwa, watani wanarudi makwao, na mfiwa anabaki na usiku mzima peke yake. Ndipo ulipowasha laptopu. Gemu limechukua kazi ya matanga, na kwa sehemu linaifanya vizuri. Linachokosa ni vitu viwili ambavyo matanga yalikuwa navyo, watu na siku ya mwisho. Tutavirudia.

Na kulia si kipimo. Kuna watu huzuni yao hutokea mikononi: wanajenga kaburi, wanapanga nguo za marehemu, wanalima. Kama machozi hayaji, usiyalazimishe ili kumridhisha mtu.

Kwa nini gemu hili hasa likakushika? Stardew Valley, lililotengenezwa na Mmarekani Eric Barone peke yake kwa zaidi ya miaka minne na kutoka Februari 2016, linaanza na kifo. Unakumbuka: babu yuko kitandani, anakupa barua na kukuambia usiifungue mpaka siku maisha yatakapokulemea. Miaka inapita, uko kwenye meza ya kazi katika kampuni ya Joja, umechoka, unaifungua. Ndani kuna shamba. Yaani tangu dakika ya kwanza unaishi kwenye ardhi uliyoachiwa na marehemu. Kulipa jina la mama si jambo la ajabu hata kidogo. Gemu lenyewe lilikuwa limekuachia nafasi hiyo.

Kisha kuna ulimwengu wenyewe ulivyopangwa. Unaamka na nguvu 270, zikiisha umechoka, hakuna anayekudai zaidi. Parsnip, mboga ya mzizi kama karoti, inaiva kwa siku 4, viazi kwa siku 6, koliflawa kwa siku 12, na ukimwagilia kila siku hesabu haikosei. Mtu aliyetoka kuuguza au kuzika ametoka mahali ambapo juhudi na matokeo vilikuwa vimeachana kabisa, kwa hiyo mahali ambapo vimeshikana pana faraja ambayo wasiofiwa hawaioni. Na tena pale kijijini Pelican Town hakuna anayezeeka. Jas na Vincent ni watoto milele, Evelyn na George ni wazee milele. Hakuna simu ya saa nane usiku. Mwili uliozoea kushtuka kila simu inapolia unapata mahali pa kulegea.

Hata mikono inahusika. Mwaka 2009 kundi la mwanasaikolojia Emily Holmes, Chuo Kikuu cha Oxford, liliwaonyesha watu filamu ya matukio ya kutisha, kisha baada ya nusu saa baadhi yao wakacheza Tetris kwa dakika 10. Wiki iliyofuata waliocheza walisumbuliwa na picha za ile filamu mara chache kuliko wenzao. Maelezo yao ni kwamba kumbukumbu za picha na mchezo wa maumbo vinagombea nafasi ileile kichwani. Nalitaja ili uelewe kwa nini ukivua samaki mle ndani, macho yakifuata kile kipau cha kijani kinachopanda na kushuka, kichwa kinanyamaza. Usilichukulie kama tiba; linagusa picha zinazorudi zenyewe, haligusi upweke wa kumkosa mtu.

Sasa tuje kwa dada. Kiswahili kimetupa maneno mawili yanayotofautiana kwa silabi moja, kukimbia na kukimbilia, na kutoka hilo la pili tukapata kimbilio. Mwanasaikolojia wa Norwe, Frode Stenseng, na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wanaozama katika jambo wanalolipenda wanagawanyika vivyo hivyo. Wapo wanaozama ili wasijisikie, na wapo wanaozama ili wapate kitu, furaha, ustadi, kujiona tena kuwa watu. Kwa nje wote wanafanana: mgongo umeinama, uso umejaa mwanga wa kioo. Lakini wa kundi la kwanza hali zao huwa mbaya zaidi, na wa kundi la pili huwa nzuri. Utafiti wa Oxford wa 2021 uliotumia kumbukumbu za muda halisi kutoka kwa watengenezaji wa magemu, wachezaji 3,274, uliona uhusiano mdogo tu, tena wa upande mzuri, kati ya muda wa kucheza na kujisikia vizuri. Uliofuata mwaka 2022, wachezaji karibu 39,000 wa magemu saba, haukuona kwamba muda wenyewe unaleta tofauti ya maana. Kilichotofautisha watu ni sababu. Anayecheza kwa kupenda alikuwa na hali nzuri, anayecheza kwa kujiona lazima acheze alikuwa na hali mbaya.

Kwa hiyo swali la dada yako lina haki ya kujibiwa, na wewe ndiye mwenye jibu. Lipate hivi. Chukua daftari, si simu. Kwa siku saba usibadilishe chochote, andika tu namba kutoka 0 hadi 10 ya jinsi unavyojisikia mara tatu: kabla ya kuwasha, dakika 10 baada ya kufunga, na asubuhi ukishanawa uso. Pembeni andika neno moja juu ya saa ya mwisho ya kucheza: nilifurahia, au niliendelea tu.

Kama namba ya pili iko juu ya ya kwanza lakini ya asubuhi imeporomoka, kimbilio linafanya kazi na usingizi unalibomoa. Nadhani ndiko uliko, kwa jinsi ulivyoandika. Kama namba ya pili iko chini ya ya kwanza, umekuwa ukikaa kupita muda ambao raha ilikwisha, na neno "niliendelea tu" litakuwa limejaa ukurasa. Tazama linaanza kuonekana saa ngapi. Kuanzia hapo hupumziki tena, umeketi tu mbele ya kioo kwa sababu kitanda kinatisha.

Kitu kingine kinachokukalisha ni hesabu ya gemu lenyewe, na hapa watu wengi wanajilaumu bure. Siku ya Stardew huanza saa 12 asubuhi na ukomo wake ni saa 8 usiku (kwenye saa ya gemu utaona 6:00 na 2:00). Kila dakika 10 za mle hupita kwa sekunde 7 hivi, kwa hiyo siku nzima ni dakika 14. Ukifungua mkoba au ukizungumza na mtu saa inasimama, ndiyo maana kwa saa ya ukutani siku moja hufika dakika 15 hadi 20. Msimu ni siku 28. Saa zako sita za usiku ni kama siku 20 za shambani, theluthi mbili za msimu kila usiku.

Mtego uko kwenye kusevu. Kwenye kompyuta gemu huhifadhi kazi yako pale tu mhusika anapolala. Analala, unaonyeshwa mapato ya siku, na papo hapo ni asubuhi: kuna barua kwenye sanduku, kuna kilichoiva, runinga inakuambia kesho mvua. Mlango wa kutokea ndio huohuo wa kuingilia. Ndiyo maana "siku moja tu halafu nalala" inazaa siku saba. Udhaifu wako haukuhusika. Mahali pa kuaga pamejengwa juu ya kitu kipya.

Dawa yake ni ya mkulima. Kwanza, acha kupanda kidogokidogo kila siku, maana hapo kila alfajiri kuna kilichoiva na hakuna asubuhi ya kuaga. Panda vyote siku moja. Viazi vya tarehe 1 ya majira ya kuchipua unavivuna tarehe 7, koliflawa tarehe 13. Katikati zinabaki asubuhi kavu zisizo na kitu. Hizo ndizo za kufungia. Pili, ukishaamka ndani ya nyumba baada ya kusevu, usivuke kizingiti. Fungua menyu ukiwa bado pembeni ya kitanda na utoke. Ukishaona shamba, umeshakaa. Tatu, hesabu siku badala ya saa: siku 8 za shambani ni kama saa mbili na nusu, na zinatosha kabisa. Andika kwenye karatasi tarehe uliyoanzia na utakayoishia, ibandike kwenye ukingo wa kioo.

Kuhusu vinyunyizio, utasoma kila mahali kwamba uvitengeneze haraka. Vile vya kawaida (kipande kimoja cha shaba na kimoja cha chuma) humwagilia miche minne, na vya ubora (chuma, dhahabu na kwazi iliyosafishwa, kimoja kimoja) humwagilia minane. Ni kweli vinaokoa muda. Lakini kwa mtu wa hali yako nashauri robo ya shamba uiache imwagiliwe kwa mkono. Kile kitendo cha polepole, mche baada ya mche, ndicho kinachokutuliza. Ukikiondoa, utaujaza muda kwa kushuka migodini kupigana, na kutoka migodini mtu halali, moyo unadunda.

Sasa usingizi wenyewe. Usijaribu kuhama kutoka saa tisa hadi saa tano kwa usiku mmoja. Saa ya mwili haikubali kuruka hivyo. Utalala macho yamekodoka, mawazo ya mama yatakujia gizani, na saa saba utakuwa umewasha laptopu tena ukiwa na aibu juu yake. Anza na asubuhi. Amka saa kumi na mbili na nusu kila siku, Jumapili ikiwemo, hata kama umelala kwa saa tatu tu, na utoke nje kwenye mwanga kwa dakika 20 hadi 30. Siku nne za mwanzo utachoka vibaya, na uchovu huo ndio utakaokusaidia usiku. Muda wa kufunga urudishe nyuma kwa nusu saa kila baada ya siku tatu: saa tisa, saa nane na nusu, saa nane. Kufika saa tano ni hatua nane, siku 24. Ukianguka siku moja, rudi kwenye hatua uliyokuwapo, usirudi mwanzo. Ukizoea, hamisha mchezo wote uanze saa moja na nusu jioni, ili kati ya gemu na kitanda ibaki saa nzima.

Kulala mchana kusizidi dakika 20 na kusipite saa tisa alasiri. Kahawa na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, ambavyo wanachuo mnavinywa kama maji, viishe saa nane mchana. Nusu ya kafeini bado iko mwilini saa tano hivi baadaye. Laptopu isikae kitandani. Cheza mezani, sebuleni kama inawezekana, ili godoro libaki na kazi moja.

Kama mkono wako hauaminiki, tumia betri. Muda wa kufunga ukikaribia chomoa chaja na umpe dada akaiweke chumbani kwake. Ikizimika katikati ya siku ya shambani umepoteza dakika kumi na kitu za kazi, basi. Umeme ukikatika si unapoteza hizohizo?

Nusu saa ya kwanza baada ya kufunga ndiyo mipango mingi inapofia, kwa sababu kile ulichokiahirisha tangu saa tatu kinakuja chote kwa mkupuo. Usitoke kwenye gemu ukaingia kitandani moja kwa moja. Weka kitu cha mikono katikati: oga, piga pasi nguo za kesho, osha vyombo vilivyobaki. Taa iwe hafifu, simu iwe mbali. Na ili usiku usibebe mzigo wote, mpe mama muda wake mchana. Dakika 20, mara nne kwa wiki, sema baada ya vipindi. Tazama picha, sikiliza sauti zake kama unazo kwenye simu, mwandikie, au pika kitu alichokuwa anakipika. Weka kengele, ikilia inuka utembee hata mpaka dukani. Mchana akili ina nguvu ya kuuingia msiba na kutoka. Usiku wa manane inazunguka mlemle tu. Huko ndiko kuyumba walikokusema wale watafiti wa Uholanzi, ila unakupangia ratiba.

Nilisema matanga yana watu. Stardew lina njia ya kumwingiza mtu wa pili kwenye kompyuta ileile, kioo kikagawanyika nusu kwa nusu. Utahitaji pedi moja ya gemu na kibanda cha mgeni shambani, ambacho Robin, yule fundi seremala, anakijenga. Mwombe dada acheze nawe mara moja au mbili kwa wiki. Najua atacheka. Mwambie shamba lina jina la mama na humo kuna kuku wanaohitaji kulishwa. Mkicheza wawili mambo mawili yanabadilika: saa haisimami tena ukifungua mkoba, na siku haiishi mpaka wote mmelala. Dada akisema anakwenda kulala, wamelala wote. Hakuna kufuli bora kuliko hilo. Na katikati ya kupalilia, pale ambapo macho ya wote yako kwenye kioo, watu huzungumza mambo ambayo wakiketi wakitazamana hayatoki.

Akikataa kabisa, mweleze habari za kijana wa Norwe, Mats Steen, aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli na akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake waliamini ameishi mpweke mbele ya kompyuta. Alipofariki, barua za rambirambi zikamiminika kutoka kwa watu waliomjua kwa miaka ndani ya gemu la mtandaoni la World of Warcraft kwa jina la Ibelin, na wengine walisafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika. Kimbilio lake lilikuwa na watu ndani. Lako kwa sasa lina wahusika tu, na hapo dada yako ana hoja.

Kuna magemu nisingekushauri kuhamia ukilichoka hili. Yale ya simu yanayokupa zawadi ukiingia kila siku na kukunyang'anya mfululizo ukikosa yametengenezwa kukuita, nawe unahitaji mahali ambapo hapakuiti. Ya mapigano ya mtandaoni usiku yanakuamsha. Na ile ya kubeti, ya ndege inayopaa na pesa inapanda nayo, usiiguse hata kwa mia tano. Mfiwa asiyelala, mwenye hamu ya kitu kimoja maishani kimwendee sawa, ndiye mteja wanayemtaka.

Kaone mtu mapema, bila kusubiri siku 24 ziishe, ukiona haya: unawaza kufa au kujiunga na mama, unapungua mwili kwa kutokula, umeanza pombe ili ulale, au umeacha chuo kabisa. Hospitali za rufaa za mikoa zina kliniki za afya ya akili, Muhimbili ina idara yake, na chuoni ulizia ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Huyo pia ndiye atakayekusaidia kuomba kurudia jaribio, kwa hiyo nenda wiki hii hata kama huna la kusema kuhusu msiba. Miezi sita ikifika na bado kila siku ni ya kumtamani tu, huwezi kushika lolote, hapo kuna jina la kitaalamu, huzuni iliyorefuka, na ina matibabu yake ya mazungumzo. Mwambie daktari kuhusu gemu kama ulivyoniambia mimi, pamoja na lile daftari.

Mawili ya mwisho ni ya shamba lenyewe. Siku ya kwanza ya mwaka wa tatu wa gemu, alfajiri, babu anarudi kama mzuka na kukupima: mishumaa inawaka kwenye madhabahu yake, mmoja hadi minne, kulingana na ulichofanikisha. Ni siku 224 tangu uanze, kwa mwendo wako ni kama usiku 11 au 12 tu, kwa hiyo huenda ulishaipita. Kwa shamba lenye jina la mama yako, asubuhi hiyo inaweza kukuchoma kuliko unavyodhani. Kama bado, usiifikie usiku wa manane ukiwa peke yako. Icheze mchana, dada akiwepo. Mishumaa ikiwa michache, ukiweka almasi kwenye madhabahu anakupima upya.

La pili: watu hufuta gemu kwa hasira saa kumi alfajiri, kisha wanajuta kwa sababu wamezika mara ya pili. Tengeneza nakala leo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, ingia folda ya StardewValley, kisha Saves. Utaona folda yenye jina la mhusika wako na namba. Inakili nzima, usichukue faili moja moja ndani yake. Ni megabaiti chache tu, inaingia hata kwenye flashi ya zamani, na flashi hiyo mpe dada aitunze pamoja na vitu vya mama.